Kushona podo ya ngozi kama ya babu

Podo ya babu, yaani ala yake ya kubebea mishale, ilikuwa ikining'inia juu ya meko, jikoni kwa nyanya kule Kitui, nyeusi ti kwa moshi wa miaka. Kikundi cha ngoma cha kijijini kiliponiomba niwatengenezee podo za kuchezea, nilimwomba nyanya ruhusa niishushe. Niliipima kwa uzi: urefu shibiri tatu, mdomo wake unapitisha ngumi ya mtoto. Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyodhani, na ukiigonga kwa ukucha inalia ko, ko, kama kibuyu kikavu. Mlio ule ndio uliopaswa kuniambia mapema kwamba ile haikuwa ngozi ya viatu. Ilikuwa ngozi mbichi iliyokaushwa, haijadabaghiwa kamwe, yaani haijalainishwa kwa dawa wala magome.

Sikuuelewa. Nilikwenda Kariokor, Nairobi, nikanunua kipande kizuri cha ngozi laini, nikakishona kwa siku mbili. Podo ikajikunja kama soksi, na ncha za mishale zikatoboa kitako chake siku ya kwanza ya mazoezi. Ngozi iliyodabaghiwa ina kazi yake hapa, lakini ni kazi ya ukanda wa begani tu. Ukiinunua kwa ajili hiyo, tazama pale ilipokatwa: ukiona kijivu chenye rangi ya samawati katikati, imelainishwa kwa kromu. Ile iliyolainishwa kwa magome ya muwati huwa kahawia mpaka ndani. Hiyo ndiyo ninayoipenda kwa ukanda, kwa sababu inakaribia zaidi sura ya vitu vya kale.

Kwa podo yenyewe, nenda machinjioni ukaombe ngozi ya ndama aliyekua kidogo. Ya fahali mzee ni nene mno, mkono utachoka kabla mshono haujafika nusu. Ya beberu inatosha podo ndogo. Ya mnyamapori usiiguse. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 kukutwa na ngozi ya namna hiyo bila kibali ni kosa. Nimeletewa ngozi ya paa mara mbili, nami nimeikataa mara zote mbili.

Iloweke kwenye maji yaliyochanganywa na jivu jingi la kuni, uigeuze asubuhi na jioni. Baada ya siku nne au tano vuta nywele kwa vidole. Zikitoka bila kubishana, itandaze juu ya gogo uikwaruze pande zote mbili kwa kisu butu. Nyama na mafuta yote yatoke, maana kipande kidogo kikibaki kitaoza na kunuka baadaye. Kisha isuuze, uisuuze tena, mpaka maji yawe meupe.

Ikate ingali mbichi, na ukate kwa ukarimu, kwa kuwa ngozi hupungua ikikauka. Mimi nikitaka mzingo wa sentimita 25 nakata 29. Toboa matundu kwanza kwa msharasi, sentimita moja kutoka ukingoni. Hapo usifanye ubahili: ngozi ikianza kujivuta, matundu yaliyo karibu na ukingo hupasuka moja baada ya jingine, na hakuna kiraka kitakachoyaokoa. Shona kwa sindano mbili zinazopishana kwenye tundu moja, ili uzi ukikatika mahali pamoja mshono wote usifumuke. Babu alitumia kano za mgongo wa ng'ombe. Mwombe mwenye bucha akuwekee, zikaushe, ziponde taratibu kwa jiwe mpaka zichanike nyuzi nyuzi, kisha uzilainishe mdomoni kabla ya kushona. Ukizikosa, uzi wa kitani uliopakwa nta ya nyuki unafaa. Kitako ni duara la ngozi hiyo hiyo, na kifuniko ni podo fupi inayovaa juu ya nyingine.

Sasa kukausha, na hapa ndipo nilipopata hasara kubwa zaidi. Podo yangu ya pili niliivisha gogo la mti nililolichonga vizuri, nikaiacha juani. Jioni ilikuwa imelikumbatia gogo kiasi kwamba watu wawili hatukuweza kuichomoa, na upande uliotazama jua ulikuwa umepindika. Nilikata mshono wote niliouhangaikia. Tangu siku hiyo natumia mchanga mkavu. Ijaze podo ingali mbichi, shindilia kwa mpini wa mwiko mpaka ikaze kama soseji, isimamishe kivulini penye upepo, na uigeuze kila unapopita. Siku tatu, wakati mwingine tano. Ikianza kulia ko, ko, mwaga mchanga. Itundike pia mahali pa juu, kwani mbwa wa jirani alinilia kifuniko kizima usiku mmoja.

Ipake mafuta ya kondoo yaliyoyeyushwa na nta kidogo, ukisugua karibu na moto hadi yanyonywe. Usitie vifungo vya chuma wala misumari ya kung'aa.

Wazee walifunga ncha za mishale kwa ukanda mwembamba wa ngozi laini, ili sumu isikauke na isimguse mbebaji. Nami naufunga hivyo hivyo kwenye mishale ya kikundi, ingawa ncha zetu ni butu na hazina kitu. Ila ukirithi podo ya kale yenye mishale ndani, usizifungue ncha hizo kwa vidole wala usiwape watoto. Sumu iliyokaa pakavu inaweza kubaki na nguvu kwa miaka mingi. Mishale ya babu tuliiacha ilivyo, imefungwa, mahali ambapo mikono ya watoto haifiki.

Podo ya ngozi mbichi ikilowa mvua italegea. Usiipeleke juani wala motoni. Toa mishale, ijaze mchanga tena, uisimamishe kivulini, usubiri upya siku zile zile.