Shule ya sekondari ya serikali Moshi au Arusha: utajuaje kama ni nzuri? Anza na kidato cha pili

Mleta uzi ameuliza hivi: binti yake amemaliza la saba na amechaguliwa shule ya kutwa ya serikali Moshi mjini. Baba anataka aende hukohuko. Mashangazi wanasema mtoto atapotea, heri wauze ng'ombe aende shule binafsi ya bweni. Atajuaje kama shule hiyo inafaa? Waliotangulia kujibu wamemwambia aulize imekuwa ya ngapi kimkoa, na mwingine kamwambia atazame kama ina ukuta na geti.

Nimefundisha hesabu shule za serikali Kilimanjaro na baadaye Arusha, na wanangu wamesoma kwenye shule hizohizo. Dada, swali lako ni zito na linastahili jibu refu, hivyo nivumilie.

Nafasi ya kimkoa iache. Kwanza, Baraza la Mitihani (NECTA) lilipotoa matokeo ya kidato cha nne ya 2022, Januari 2023, lilisema halitatangaza tena shule kumi bora wala wanafunzi bora. Pili, hata enzi zile orodha ilipokuwa inatoka, ilikuwa inakuambia zaidi nani kaingia shuleni kuliko shule imemfanyia nini. Ilboru, shule ya vipaji maalum ya serikali kule Arusha, inapokea vijana waliochujwa kwa alama za juu za darasa la saba kutoka kila kona ya nchi. Moshi Ufundi nayo huchagua. Shule ya kata kule Pasua au Sokon inapokea kila mtoto wa mtaa aliyefaulu, wa alama za juu na wa alama za chini, mwenye chakula nyumbani na asiye nacho. Ukiziweka kwenye mstari mmoja umempima mtoto, hujaipima shule.

Asilimia ya ufaulu nayo iangalie kwa jicho kali. Mkuu wa shule akisimama kwenye kikao na kusema "tumefaulisha asilimia tisini", muulize wangapi walipata divisheni ya kwanza hadi ya tatu. Divisheni ya nne inahesabiwa kuwa ni kufaulu, na mtoto anaipata kwa D mbili tu, au C moja, masomo mengine yote akiwa na F. D yenyewe inaanzia alama 30. Mtoto huyo kwenye taarifa ya shule "amefaulu", lakini kidato cha tano haendi, maana huko wanataka angalau masomo matatu yenye C au zaidi. Shule mbili zinaweza kutangaza asilimia ileile, moja ina watoto arobaini wanaokwenda mbele na nyingine ina wanne.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naona halitajwi kabisa, nami ndilo ninaloliamini kuliko yote. Fungua matokeo ya NECTA ya shule hiyo, tafuta upimaji wa kidato cha pili, uandike idadi ya waliofanya. Halafu nenda kwenye matokeo ya kidato cha nne ya miaka miwili baadaye. Waliofanya cha pili 2021 ndio waliofanya cha nne 2023. Waliofanya cha pili 2022 ndio wa 2024. Linganisha hesabu.

Tuseme kidato cha pili walikuwa 180 na kidato cha nne wamebaki 120. Hao 60 wameenda wapi? Wachache wamehama, sawa. Wachache walifeli cha pili wakakariri, lakini kumbuka na hawa 120 wana ndani yao waliokariri kutoka kundi la mbele yao, kwa hiyo hilo linakaribia kujifuta lenyewe. Waliobaki wameacha shule: wako kwenye bodaboda, wako gengeni, wako kwa mtu Dar wanafanya kazi za ndani, wengine wamepata ujauzito. Na shule ikipoteza theluthi ya watoto wake kabla ya mtihani, asilimia yake inapanda bila mwalimu yeyote kuongeza kipindi, kwa sababu wanaoacha mara nyingi ni walewale ambao wangepata ziro. Nimewahi kukaa kwenye kikao cha wazazi, shule sitaitaja, tunapiga makofi kwa sababu ziro zimepungua, na mimi nina orodha ya mahudhurio mkononi naona majina yaliyopigwa mstari mwekundu. Iliniuma sana, na inaniuma hadi leo, kwa sababu wale watoto niliwafundisha kutafuta eneo la duara nikiwaona wanaelewa.

Kwa hiyo shule ninayoiita nzuri ni ile ambayo watoto walioingia cha pili wanafika cha nne karibu wote, halafu divisheni zao za cha nne haziporomoki zikilinganishwa na za cha pili. Ukiona kidato cha pili walikuwa na divisheni ya nne nyingi na miaka miwili baadaye kundi lilelile lina divisheni ya tatu na ya pili za kutosha, hapo kuna walimu wanaofanya kazi, hata kama jina la shule hujawahi kulisikia redioni.

Ukiwa hapohapo kwenye ukurasa wa shule, shuka chini kabisa. Kuna jedwali la somo moja moja: waliosajiliwa, waliofanya, waliofaulu, na GPA ya somo, yaani wastani wa madaraja waliyopata. Hapo namba ndogo ndiyo nzuri, wengi huwa wanaisoma kinyume. Tazama hesabu kwanza, ila uwe na kiasi. Kitaifa, kwa miaka mingi, wanaofaulu hesabu wamekuwa moja ya tano hadi robo tu ya watahiniwa, hivyo usitegemee miujiza kwenye shule ya kutwa. Ikiwa theluthi wanafaulu, mheshimu sana huyo mwalimu. Kisha tazama fizikia na kemia, siyo ufaulu peke yake bali wangapi walifanya. Kuna shule inajivunia fizikia kumbe waliofanya ni watoto kumi na wawili kati ya mia moja na hamsini, wengine wote walielekezwa wachukue masomo ya sanaa tangu kidato cha tatu. Binti yako akiwa na ndoto ya uuguzi au uhandisi, hilo ni la kuliuliza kabla hajavaa sare.

Na usiridhike na mwaka mmoja. Chukua mitatu au minne. Mwalimu mmoja wa kemia akihamishwa, namba zinabadilika mwaka unaofuata.

Baada ya hapo nenda shuleni kwa miguu yako. Usiende siku ya kikao wala ya mahafali. Nenda siku ya kawaida, katikati ya wiki, saa tano au saa nane mchana, jisajili kwenye kitabu cha wageni, useme wewe ni mzazi mtarajiwa. Namna utakavyopokelewa tu itakueleza mengi.

Omba kuona daftari la vipindi la darasa lolote. Ni lile analotunza monita: kila kipindi kina jina la somo, mada iliyofundishwa na sahihi ya mwalimu. Mkuu wa shule anayejiamini atalitoa. Nilipokuwa namtafutia mtoto wa dada yangu shule ya kuhamia Arusha, mkuu mmoja alinifungulia la kidato cha tatu bila kusita, na nikaona kitu kilichonifurahisha. Kwenye safu ya fizikia kulikuwa na wiki mbili tupu, na pembeni mwalimu wa taaluma ameandika kwa mkono kwamba mwalimu yuko likizo ya uzazi na vipindi vitafidiwa Jumamosi. Nikageuza kurasa hadi Jumamosi zenyewe, na sahihi zilikuwepo. Shule ile ina vioo vimevunjika na uwanja wa vumbi. Tulimpeleka palepale.

Kama daftari la vipindi hutalipata, kutana na mwanafunzi njiani, umwombe kwa adabu akuonyeshe daftari lake la hesabu au la baiolojia. Tarehe zitakuambia kila kitu. Ukiona kuna mazoezi kila baada ya siku mbili tatu, yamesahihishwa kwa wino mwekundu, na mtoto amerudia alipokosea, hapo kuna mwalimu. Ukiona kurasa nzima za kunakili ubaoni na vema moja kubwa kuanzia juu mpaka chini, mwalimu hakusoma.

Maabara pia ingia ndani. Mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza kila shule ya kata iwe na maabara za fizikia, kemia na baiolojia, na wazazi tulichangia tofali na mchanga. Majengo mengi yapo. Swali ni kama yanatumika. Gusa meza: kama ina vumbi na madawati mabovu yamepangwa juu yake, basi hiyo ni stoo. Kama kuna harufu ya kemikali, bureti zimeoshwa na kugeuzwa, na karatasi ya majibu ya jaribio la wiki hii imebandikwa ukutani, mtoto wako hataiona bureti kwa mara ya kwanza siku ya mtihani wa moko.

Kwa vile ni binti, nakuomba uweke mambo mawili mbele hata ya walimu. La kwanza ni njia. Tembea mwenyewe kutoka nyumbani hadi shule, asubuhi saa ambayo yeye atatembea, na ufikirie masika, Machi hadi Mei, ukungu umeshuka na matope yamejaa. Kama lazima apande daladala, simama kituoni uone makonda wanavyowaacha wanafunzi kwa sababu ya nauli yao ndogo. Mtoto anayeachwa na gari kila asubuhi ndiye anayepewa lifti na bodaboda, kesho lifti, keshokutwa chipsi. Hatuna haja ya kuficha, mabinti wetu wengi wanaanza kupotelea hapo, na shule inalaumiwa kwa jambo lililoanzia barabarani. Kama umbali ni mkubwa mno, uliza kama shule ina hosteli yenye matroni, na kamwe usikubali kumpangia chumba mtaani akae na wenzake bila mtu mzima.

La pili ni vyoo na maji. Ingia choo cha wasichana. Kuna maji? Mlango unafungwa kwa ndani? Kuna chumba cha stara na mwalimu wa kike anayejulikana na wasichana kwamba ndiye wa kumwendea? Msichana anayekosa shule siku tatu nne kila mwezi, kufika mwisho wa mwaka ameshapoteza zaidi ya mwezi mzima wa masomo. Muulize pia huyo mwalimu kama kuna mabinti waliorudi masomoni baada ya kujifungua, maana waraka wa mwaka 2021 unawaruhusu. Shule inayowapokea bila kuwasimanga huwa inawatunza na wengine vizuri.

Chakula cha mchana. Ada ilifutwa kidato cha kwanza hadi cha nne kuanzia Januari 2016, zile 20,000 za kutwa na 70,000 za bweni, lakini chakula kwa shule za kutwa kimebaki kuwa makubaliano ya wazazi. Wazazi wenzangu, changieni. Nimefundisha hesabu saa nane mchana darasa lenye njaa na darasa lililokula makande, na ni kama watoto wa nchi mbili tofauti. Shule ambayo wazazi wamekubaliana, gunia la mahindi na maharage linaonekana stoo, na mapato na matumizi yamebandikwa kwenye ubao wa matangazo, hiyo ina uongozi. Mchango usio na risiti wala maelezo, uulize kwenye bodi ya shule.

Lugha nitaigusa kidogo. Binti akitoka shule ya msingi ya Kiswahili, kidato cha kwanza anakutana na Kiingereza karibu kila somo. Uliza wiki za mwanzo wanafanya nini. Shule makini zina kozi ya awali ya Kiingereza inayofundishwa kweli. Nyingine zinawaacha watoto wafyeke majani.

Mashangazi sasa. Wanampenda mtoto, wasikilize. Lakini uchagani tuna tabia, Krismasi tukikutana kihambani kila mtu anataja shule ya mwanae na ada anayolipa, na anayetaja shule ya kata anainamisha kichwa. Bweni binafsi iliyo nzuri ipo, na kama uwezo upo sina neno. Kuuza ng'ombe kwa ajili ya kidato cha kwanza, halafu cha pili ada inakwama na mtoto anarudishwa nyumbani katikati ya muhula, hilo nimeliona likivunja watoto wenye akili. Na shule binafsi zipimwe kwa kipimo kilekile cha cha pili na cha nne, kwa sababu nazo zipo zinazowaondoa dhaifu kabla ya mtihani.

Kwa maelezo uliyotoa, kwamba shule iko umbali wa kutembea na wewe unashinda nyumbani, mimi ningeanza naye hapo, nikamwekea mwalimu wa hesabu na Kiingereza mwisho wa wiki, na nikaingia kwenye kamati ya wazazi mwaka wa kwanza huohuo. Ikionekana haifai, uhamisho unaombwa kupitia mkuu wa shule na halmashauri, na ni rahisi zaidi kabla ya kidato cha tatu, maana mtihani wa cha nne husajiliwa shuleni alipo.

Tafuta jina la shule kwenye matokeo leo, uweke hapa idadi ya waliofanya cha pili 2022 na waliofanya cha nne 2024, pamoja na mstari wa hesabu na wa kemia. Jina la shule si lazima ulitaje. Mimi na walimu wengine waliomo humu tutakusaidia kuzisoma.