Mwizi yuko sebuleni: barua zenu na majibu yangu

Safu iliyopita nilisema jambo moja tu: aliyempiga mwizi mgongoni akiwa anakimbia hakujihami, ameua. Kwa sentensi hiyo nimeitwa wakili wa vibaka, adui wa wenye mali, na majina mengine ambayo mhariri ameona heri ayafute. Barua zilizofanana nimezijibu kwa pamoja. Zilizobaki ni hizi.

Mwizi akiingia kwangu usiku wa manane, nina haki ya kumuua? Jibu ndiyo au hapana, usizunguke.

Hapana.

Hii ni barua ya tisa yenye swali hilo. Zote tisa zinataja mwizi, zinataja usiku, zinataja nyumba ni ya nani. Hakuna hata moja inayosema mwizi mwenyewe alikuwa anafanya nini. Kuna aliyepita dirishani akasimama na panga kwenye mlango wa chumba cha watoto, na kuna aliyepita dirisha hilo hilo akachomoa redio akageuka kutoka. Wote ni wezi, wote ni wa usiku, wote wako kwako. Mkiendelea kuniletea swali lisilowatofautisha hawa wawili, jibu litaendelea kuwa lile lile.

Unajifanya unajua kuliko Mungu? Kutoka 22 inasema mwizi akikutwa anavunja nyumba, akapigwa akafa, hakuna hatia ya damu. Imeandikwa.

Imeandikwa, nawe umeishia mstari wa 2. Shuka mmoja tu. Mstari wa 3 unasema jua likiwa limekwisha kuchomoza juu ya mwizi huyo, aliyemuua ana hatia ya damu. Mwizi ni yule yule na mali ni ile ile. Kilichobadilika ni mwanga. Gizani huoni ameshika nini, hujui wako wangapi, wala jirani hajui kama unahitaji msaada. Mchana unaona. Ruhusa ya mstari wa 2 ilifungwa kwenye hatari, haikufungwa kwenye wizi.

Marabi wa Talmud, mkusanyo wa mafundisho ya sheria ya Kiyahudi, walilichambua hili kwa makini kuliko sisi. Walisema anayetoboa ukuta anajua mwenye nyumba atapambana, kwa hiyo amekuja akiwa tayari kuua. Ndiyo maana anaweza kuuawa. Kisha wakauliza: je, kama anayetoboa ni baba anayemwibia mwanawe? Wakajibu kwamba haruhusiwi kuuawa, maana huruma ya baba inajulikana, hatamuua mtoto wake. Wizi umekamilika na ukuta umetobolewa, lakini ruhusa haipo kwa sababu hatari haipo.

Warumi nao, katika sheria zao za Mbao Kumi na Mbili za mnamo mwaka 450 KK, waliruhusu mwizi wa usiku auawe, lakini wa mchana asiuawe mpaka ajitetee kwa silaha. Mwanasheria wao Gaius anataja sharti ambalo nalipenda mno: hata usiku, mwenye nyumba lazima apige kelele, watu wajue kinachotendeka. Anayejihami huita watu. Anayeua kimyakimya ana lake.

Mafakihi wa Kiislamu wanapanda ngazi moja moja: neno likitosha usipige, fimbo ikitosha usikate. Na Thomas Aquinas, mwanateolojia wa Kikatoliki wa karne ya 13, alianza na mstari huo huo wako wa Kutoka, lakini akamalizia kwamba unachokusudia kiwe kuokoa uhai wako, na nguvu ikizidi inayohitajika tendo linakuwa haramu. Sasa ndugu yangu, nani kati yetu anajifanya anajua kuliko wote hawa?

Nimemkuta anatoka na televisheni yangu begani. Nimwache tu aende?

Nani kasema umwache? Piga kelele, mfuate kwa mbali, shika sura yake, mwangushe kama unaweza na hana silaha. Usimuue. Kati ya kumwacha na kumuua pana nafasi kubwa sana, ila waandishi wa barua hizi hawaioni kabisa.

Wengine mmenikumbusha Texas. Ni kweli, sheria ya huko inaruhusu nguvu ya kuua dhidi ya anayekimbia na mali baada ya kuvunja nyumba au kuiba usiku, ukiamini kwa sababu za msingi kwamba hakuna njia nyingine ya kuirudisha. Mimi sikuulizwa Texas wanaruhusu nini. Nimeulizwa kilicho sawa. Mahakama Kuu ya Marekani yenyewe, mwaka 1985, iliamua kesi ya mvulana wa miaka 15 aliyepigwa risasi na polisi mjini Memphis akiwa anapanda uzio. Alikuwa ametoka kuvunja nyumba, na alichokutwa nacho ni dola 10 na pochi. Mahakama ilisema polisi hawezi kumuua anayekimbia ikiwa si hatari kwa watu. Polisi, ambaye kazi yake ni kukamata, amewekewa mpaka huo. Wewe mwenye televisheni unadai huna mpaka?

Naishi peke yangu na watoto wawili. Kila ninaposoma safu yako naona kama natakiwa kusubiri mtu anichome kisu ndipo nipate haki ya kujitetea. Ni kweli?

Si kweli, dada, na kama niliandika hivyo niliandika vibaya. Huhitaji kusubiri kisu. Mtu aliyevunja mlango akijua mna watu ndani, akasikia sauti yako na bado akawa anakuja, amekwisha kukueleza nia yake. Huna deni la kumuuliza zaidi. Tumia ulichonacho, na akifa, sitakuwa miongoni mwa watakaokusema.

Tena usiogope kwamba hakimu atakupimia hofu yako kwa mizani ya duka la dhahabu. Sheria nyingi zinaelewa. Uingereza, tangu mwaka 2013, mwenye nyumba aliyekumbana na mvamizi hatiwi hatiani kwa sababu tu nguvu aliyotumia ilizidi kidogo. Lazima iwe imezidi kupita kiasi. Ujerumani kuna kifungu cha 33 cha sheria ya jinai: aliyevuka mpaka wa kujihami kwa kuchanganyikiwa, kwa woga au kwa kitisho haadhibiwi. Angalia orodha hiyo. Hasira haimo. Ningetamani kila anayeniandikia aibandike ukutani, kwa maana nusu ya barua zenu zinaanza kwa hofu na kuishia kwa hasira, na mwandishi hajui alivuka mpaka saa ngapi.

Kwako nina la ziada ambalo hukuuliza. Chagueni leo chumba kimoja chenye mlango mzito na komeo la ndani. Watoto wajue kwamba mama akitaja neno fulani wote wanakimbilia huko, na simu ilale huko kila usiku. Ukiwa nyuma ya komeo na wanao wote wako nyuma yako, uamuzi unakuwa mwepesi sana: anayeuvunja mlango wa pili hakufuata sufuria.

Nimechoka kuibiwa shambani. Nataka kutega bunduki kwenye mlango wa ghala, atakayefungua ajue mwenyewe. Nikiweka kibao cha onyo inatosha?

Haitoshi. Bunduki haisomi, haioni, na haiwezi kubadili nia. Haimjui mwizi, mtoto aliyefuata mpira, zimamoto aliyekuja kuzima ghala lako, wala wewe mwenyewe siku utakayosahau.

Jambo hili lilishatokea. Iowa, Marekani, mwaka 1967, mume na mke waliochoka kuvunjiwa nyumba yao ya zamani isiyokaliwa waliifunga bunduki kitandani, wakaiunganisha kwa waya na kitasa cha mlango. Mume alitaka ilenge tumbo. Mke akamshauri aishushe, ilenge miguu. Aliyefungua mlango alikuwa ameingia kutafuta chupa na mitungi ya zamani. Aliharibiwa mguu. Alishitaki, na mwaka 1971 Mahakama Kuu ya jimbo hilo ikathibitisha alipwe dola 30,000. Watu walichukia sana: mwizi analipwa na aliyemwibia! Lakini hebu fikiri mume huyo angekuwapo chumbani usiku ule, akamwona mtu ameshika chupa tupu. Angempiga risasi? Kama asingempiga yeye mwenyewe, basi hana ruhusa ya kuiachia waya ifanye kwa niaba yake. Anayejihami lazima awepo. Nyumba isiyo na mtu haina uhai wa kutetea.

Umeme kwenye dirisha ni swali lile lile. Tafadhali msiniandikie kuuliza kuhusu umeme.

Nyumba ya mtu ni ngome yake. Hii ni sheria ya tangu zamani, wewe unaipinga kwa nini?

Siipingi. Naipenda kuliko wewe, kwa sababu najua ilikotoka. Maneno hayo yamo katika kesi ya Semayne ya Uingereza, mwaka 1604, na hoja yake kubwa ilikuwa ni lini ofisa wa serikali anaweza kuvunja mlango wa raia ili kukamata mali. Ilikuwa ngao dhidi ya dola, ingawa kesi hiyo hiyo ilimwondolea hatia aliyemuua mwizi akijitetea nyumbani kwake. Lakini bunduki inayovishwa siku hizi imeivaa vibaya. Mwaka 1992, mjini Baton Rouge, mwanafunzi wa Kijapani wa miaka 16 aliyealikwa kwenye sherehe alikosea nyumba, akapiga hodi kwa watu wengine. Mwenye nyumba alitoka na bunduki, akamwambia asimame. Kijana hakuelewa, akasogea, akauawa. Kwenye kesi ya jinai mwenye nyumba aliachiwa huru. Kwenye kesi ya madai akaamriwa kulipa. Alikuwa salama ndani na mlango umefungwa. Aliufungua mwenyewe. Ngome gani hiyo ambayo askari wake anatoka nje kutafuta vita?

Mimi nikisikia kishindo nafyatua kwanza, maswali baadaye. Bora kesi kuliko jeneza.

Jeneza la nani?

Pretoria, Februari 14, 2013, mwanariadha Oscar Pistorius alifyatua risasi nne kupitia mlango wa choo uliofungwa. Alisema alidhani ni mvamizi. Aliyekuwa ndani ni mpenzi wake, Reeva Steenkamp. Watu walibishana miaka kama alijua ni nani. Lakini mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Kusini ilipombadilishia hatia kuwa mauaji haikuhitaji kulitatua hilo: yeyote aliyekuwa nyuma ya mlango ule, mfyatuaji alijua kwamba risasi nne katika chumba kidogo vile zinaweza kumuua, na bado akafyatua. Wewe bwana kishindo, nyumbani kwako nani huamka usiku kwenda kunywa maji? Mwanao wa bweni akirudi bila taarifa hupitia wapi? Hesabu vichwa vyenu kwanza. Washa taa. Ongea. Mwenye haki ya kuwa pale ataitika.

Tulimkamata kibaka, tukamfunga kamba, wengine wakampiga akafa. Mimi nilimpiga kofi moja tu. Nina hatia?

Ndiyo. Aliyefungwa kamba hamshambulii mtu. Mlikuwa mmekwisha kushinda. Kilichofuata ni adhabu mliyojipa mamlaka ya kuitoa. Msinitajie kwamba siku za mwizi ni arobaini. Methali inasema mwizi hukamatwa, haisemi nani amnyonge. Na hilo kofi, usilipunguze: kila mmoja wa wenzako naye atasema alipiga moja tu, na mtu amekufa. Kamtafute mwanasheria, useme ukweli.

Mbona huwaonei huruma walioibiwa?

Nawaonea. Nimeibiwa mara mbili, na mara ya pili nilikuwa ndani, macho yamenitoka chini ya shuka. Kwa wiki kadhaa nilimuua yule mtu kichwani kwa kila njia. Ndiyo sababu siziamini barua zinazoandikwa wiki hiyo hiyo ya tukio.

Mwaka jana alivunja mlango akiwa na panga, akanijeruhi mkono. Nilimpiga kwa chuma akafa pale pale. Polisi walichunguza, wakafunga faili. Lakini silali. Sasa mama yake ametuma mtu, anaomba kuja kuniona. Nimpokee? Kumpokea si kukiri kosa?

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote, na ni wewe pekee ambaye hukuniuliza kama una hatia. Huna. Ulimzuia mtu aliyekuwa anakuua, na hapakuwa na njia nyingine. Kutolala kwako si ushahidi dhidi yako. Mtu amekufa mikononi mwako; ungekuwa unalala fofofo ndipo ningekuwa na wasiwasi. Lakini mwaka ni mwingi kubeba hayo peke yako. Mtafute mshauri wa kisaikolojia au kiongozi wako wa dini, yule anayejua kusikiliza bila kukupigia makofi ya ushujaa.

Kuhusu mama: muulize kwanza mwanasheria kama faili limefungwa kweli na kama familia inaweza kufungua madai. Akikuruhusu, mpokee, mchana, ndugu yako mmoja awepo, naye aje na wa kwake mmoja. Usimwombe msamaha kama muuaji, kwa sababu hukuwa muuaji. Usimweleze pia mwanawe alikuwa mtu wa namna gani. Anamjua tangu siku ya kwanza. Pole unaweza kumpa, haikushitaki. Ficha kovu la mkono kwa shati la mikono mirefu, akitaka kuliona ataomba mwenyewe. Pengine atakuuliza kama aliteseka. Umesema alikufa pale pale, basi mwambie hivyo. Akiuliza kama alisema neno la mwisho, na kama alisema, mpe neno hilo kama lilivyo, usilipambe wala usilipunguze.