Mchicha wa mama hautoshi kuziba pengo la vitamini K

Mama uliyeuliza kama kula mchicha na kisamvu kila siku kunaweza kuchukua nafasi ya sindano ya vitamini K ya kichanga: hapana, usiikatae.

Vitamini K, inayosaidia damu kuganda, hupita kwenye kondo kwa shida sana, hata damu ya mama ikiwa nayo ya kutosha. Lita nzima ya maziwa ya mama huwa na mikrogramu chache tu, kama 1 hadi 4. Chanzo kingine ni bakteria wa utumbo wanaotengeneza K2 (aina ya vitamini K), lakini utumbo wa mtoto aliyezaliwa leo bado hauna wa kutosha, na bifidobakteria wanaotawala kwa anayenyonya hawaitengenezi. Endelea kunyonyesha, maziwa yako hayana kasoro. Pengo hili ndilo sindano inaloziba.

Dozi ni 1 mg mara moja, kwenye msuli wa paja, saa chache baada ya kuzaliwa. Njiti hupimiwa kwa uzito. Mhudumu asome ampuli: ya 10 mg kwa ml 1 mtoto huchomwa 0.1 ml tu.

Kama unatumia dawa za kifafa (fenitoini, karbamazepini), rifampisini au wafarini, sema kabla ya kujifungua, maana damu ya mtoto inaweza kuvuja ndani ya saa 24 za kwanza. Aina ya kuvuja damu inayonitisha zaidi huja wiki ya 2 hadi ya 12, mara nyingi ndani ya ubongo. Kitovu kinachochuruzika, damu puani, mtoto kupauka, utosi kuvimba, degedege: hospitali saa hiyo hiyo.