Jibu: Kazi za dakika chache kwenye Microsoft Project zinarukia saa 2

Habari mkuu. Kama nimekuelewa, unapanga maandalizi ya ukumbi hapo Arusha kwa Microsoft Project (programu ya kupanga ratiba), kazi za dakika 15 au 20 kuanzia saa 12 asubuhi, lakini ukiandika 06:00 programu inaisogeza hadi 08:00, na nyingine zinameza siku nzima.

Angalia kalenda kwanza. Ile ya Standard, inayokuja na programu, inajua kazi ni saa 2 hadi saa 6 mchana, kisha saa 7 hadi 11 jioni, basi. Fungua Change Working Time, ingia Work Weeks, weka 06:00 kwa siku husika. Wengi hukimbilia saa ya kuanzia iliyoko kwenye Options. Hiyo haigusi kalenda, utaibadilisha mpaka uchoke.

Kumeza siku ni suala la muda ulioandika: 20 tupu husomwa siku 20. Andika 20m. Halafu kwenye Options, General, chagua mtindo wa tarehe unaoonyesha na saa, la sivyo unapanga gizani.

Usiandike saa kwenye kila mstari, hapo ndipo ratiba nyingi zinapoharibika. Ipe saa kazi ya kwanza tu, nyingine ziunganishe, kila moja ianze iliyotangulia ikiisha: viti, nyaya, kujaribu maiki. Zote ziwe Auto Scheduled, yaani programu izipange yenyewe. Fundi wa maiki akichelewa (na atachelewa), ongeza dakika kwenye kazi yake, zinazofuata zitasogea zenyewe.