Mazda RX-8 iliyotumika: pima mgandamizo kabla ya kulipa

Swali: Nimeonyeshwa Mazda RX-8 ya mwaka 2005 jijini Kampala. Muuzaji anasema imetembea kilomita chache na injini haijawahi kufunguliwa, na bei yake ni nafuu kuliko nilivyotarajia. Nikague nini kabla ya kulipa? (Msomaji, Mbarara)

Jibu: Ndugu msomaji, kilomita chache zisikutulize. Injini ya gari hili, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,308, haina pistoni. Ina rota mbili za pembe tatu, na kila ncha ya rota ina sili (kizibo kinachozuia hewa kuvuja) inayosuguana na ukuta wa chumba muda wote injini inapozunguka. Sili hizo hulainishwa kwa oili inayoingizwa ndani ya chumba na kuungua humo, kwa hiyo injini hii hula oili kwa jinsi ilivyoundwa, na gari lililozoea safari fupi za foleni za mjini laweza kuwa limechoka kuliko lile la safari ndefu. Muuzaji akijisifu kwamba gari lake halili oili hata tone, lichukue hilo kuwa dalili ya pampu au njia za oili zilizoziba.

Kipimo cha mgandamizo, yaani cha nguvu ambayo injini hubana hewa ndani ya vyumba vyake, hakina mbadala, na ningekusihi usilipe hata arubuni kabla ya kukipata. Kipimo cha kawaida cha gereji hakifai, kwa sababu hushika shinikizo la juu kabisa tu, na uso mmoja mzima wa rota huficha nyuso mbili zilizochakaa. Tafuta fundi mwenye kipimo cha injini za rota, kinachotoa namba tatu kwa kila rota, moja kwa kila uso, na upime injini ikiwa imepata moto na betri imejaa. Kiwango cha chini cha kiwanda ni kilopaskali 680 stata ikizungusha injini mara 250 kwa dakika. Nyuso za rota moja zisitofautiane kwa zaidi ya 150, na rota zenyewe kwa zaidi ya 100. Hata hivyo, Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako shinikizo la hewa limepungua kwa karibu asilimia 13, na namba za kipimo hupungua kwa kiasi hichohicho. Kwa hiyo rota inayosoma 640, 630 na 620 mjini humo bado ni nzima, ilhali inayosoma 700, 690 na 520 ni ya kuachana nayo, hata kama injini inaunguruma vizuri mbele yako.

Mwombe muuzaji asiwashe gari kabla hujafika, ili ulione likiwaka likiwa baridi. Kisha liendeshe nusu saa, lizime, ngoja dakika kumi na uliwashe tena; stata ikihangaika muda mrefu wakati injini ni ya moto, mgandamizo huenda umeshuka. Moshi mweupe usiokoma, pamoja na maji yanayopungua kwenye rejeta, huashiria sili za maji zilizokufa. Koili za plagi ni nne, nazo huharibika mara kwa mara. Koili mbovu hupeleka petroli isiyoungua kwenye eksozi, ambako huyeyusha kichujio cha moshi, na kichujio kikiziba joto huirudia injini.

Kwa upande wa karatasi, linganisha namba ya chesisi na kadi ya gari. Sheria ya Uganda ya mwaka 2018 inazuia kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi tangu kuundwa, hivyo RX-8 ya 2005 isiyo na namba za usajili inahitaji maelezo ya kina.

Muuzaji akikataa kipimo, ondoka. Akikubali na namba zikawa mbaya, lakini bodi na gia ni nzuri, jadili bei kana kwamba unanunua gari lisilo na injini, na tenga fedha za kuijenga upya kabla hujatia saini.