Bangi Halali Minnesota, Kosa kwa Shirikisho: Kwa Dereva wa Trela na Mwenye Kadi ya Kijani

Ujumbe uliingia Jumapili usiku. Msomaji wetu anaishi Minneapolis, anaendesha trela, na ana kadi ya kijani, yaani ukaazi wa kudumu wa Marekani, mwaka wa nne sasa. Ameandika hivi: "Ndugu, huku bangi ilishahalalishwa. Wiki iliyopita nikiwa mapumzikoni nilikula pipi mbili za dukani. Kesho kampuni inataka nikapimwe mkojo. Kosa langu ni lipi?"

Yeye nimeshamjibu kando, maana muda wake ulikuwa mfupi. Lakini swali hilihili linaulizwa na Wakenya wa Texas, Wakongo wa Iowa na Watanzania wa Georgia, na linaulizwa likiwa limechelewa. Watu waliokuja kwa jasho, wakajenga kazi na makaratasi kwa miaka kumi, wanayapoteza yote kwa kitu kinachouzwa hadharani kwenye duka lenye kibali na risiti. Inauma kwa sababu inaepukika.

Marekani mtu anaishi chini ya sheria mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni ya jimbo. Colorado na jimbo la Washington zilipiga kura mwaka 2012 kuruhusu bangi kwa watu wazima, na sasa majimbo yaliyoshika njia hiyo ni 24, hayo mawili yakiwemo. Minnesota iliingia tarehe 1 Agosti 2023: mtu mwenye miaka 21 anaruhusiwa kutembea na aunsi 2 za majani, au pipi na vyakula vyenye jumla ya miligramu 800 za THC, kile kilevi chenyewe cha bangi. Sheria ya pili ni ya shirikisho, ile ya Washington D.C., na kwayo bangi imo kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa tangu 1970. Adhabu ya kukutwa nayo mara ya kwanza ni hadi mwaka mmoja jela na faini isiyopungua dola 1,000. Mwaka 2024 serikali ilianza mchakato wa kuishusha daraja, na wengi wakashangilia wakidhani imehalalishwa. Kushushwa daraja si kuondolewa kwenye orodha, na orodha hiyo ndiyo maofisa wa uhamiaji wanaoitazama.

Polisi wa Minneapolis hatakukamata kwa pipi mbili. Ila leseni yako ya trela na kadi yako ya kijani haviko mikononi mwa polisi wa Minneapolis.

Nianze na leseni. Kila anayeendesha kwa CDL, leseni ya magari makubwa ya biashara, anapimwa kwa kanuni za Wizara ya Uchukuzi ya shirikisho, hata kama havuki jimbo lake. Ukiitwa kwa kipimo cha kushtukiza, unatakiwa uende papo hapo. Kusema "nitapitia kesho asubuhi" kunaweza kuandikwa kuwa umekataa, na kukataa kunahesabiwa sawa na kufeli. Ukifika unatoa vitu mfukoni, unanawa mikono, unaingia kwenye choo ambacho maji yake yametiwa rangi ya buluu. Kikombe kinahitaji mililita 45 na kina kipimajoto pembeni. Ndani ya dakika 4 mkusanyaji anasoma joto, ambalo lazima liwe kati ya nyuzi 32 na 38 za Selsiasi. Mkojo ulioletwa kutoka nyumbani kwenye chupa hunaswa hapo, na hatua inayofuata ni kutoa mwingine mtu akiwa amekusimamia anaangalia. Kisha mkojo unagawanywa chupa mbili, mililita 30 na 15, zinafungwa mbele yako, na wewe unatia herufi za jina lako kwenye lakiri. Usitie kabla hujaona chupa zimefungwa.

Mkojo ukikataa kutoka, una saa 3 na unaruhusiwa kunywa maji hadi aunsi 40, kama lita moja na robo hivi, kidogo kidogo. Usiondoke. Madereva wengi wameandikiwa kukataa kwa sababu walitoka nje kuhamisha gari au kupokea simu, wakarudi wakakuta fomu imeshafungwa.

Maabara inatafuta mabaki ya THC kwa kiwango cha nanogramu 50 kwa mililita, na ikiyapata inarudia kwa kipimo kikali zaidi cha nanogramu 15. Mabaki hayo hayaoneshi kama umelewa leo. Anayevuta mara moja moja yanaweza kuonekana kwa siku tatu hivi, na anayevuta kila siku yanaweza kukaa mwezi na zaidi. Ndiyo maana hoja ya "nilikuwa mapumzikoni" haina mahali pa kusimama hapa.

Kabla matokeo hayajafika kwa mwajiri, daktari wa mapitio atakupigia. Namba usiyoijua ikikupigia siku hizo, ipokee. Daktari huyo haruhusiwi kukubali cheti cha bangi ya matibabu, wala maelezo kwamba ulikaa chumba kimoja na wavutaji, wala kwamba ulitumia mafuta ya CBD, kemikali nyingine ya bangi isiyolevya, ambayo lebo yake inasema hayana THC. Akikuambia umefeli, una saa 72 za kudai chupa ya pili ipimwe kwenye maabara nyingine. Idai wewe mwenyewe, kwa mdomo, na uandike saa uliyodai.

Kufeli kunaingia Clearinghouse, daftari la shirikisho lililoanza tarehe 6 Januari 2020. Zamani dereva alihama kampuni na habari zikaishia huko. Sasa kila mwajiri analazimika kufungua daftari hilo kabla ya kukupa funguo, na tangu tarehe 18 Novemba 2024 jimbo lenyewe linakushusha leseni mpaka ukamilishe safari ya kurudi: kuonana na mtaalamu wa uraibu aliyeidhinishwa, kufuata masomo au tiba aliyokuandikia, na kupimwa tena ukiwa unaangaliwa. Ukisharudi kazini kuna vipimo visivyopungua 6 ndani ya miezi 12 ya kwanza. Rekodi inakaa miaka 5, na kama hujamaliza masharti inaendelea kukaa. Kampuni haina wajibu wa kukusubiri wala wa kukulipia. Mwenye lori lake mwenyewe hajasalimika pia: lazima ajiandikishe kwenye kundi la upimaji, na anapimwa kama wengine.

Jambo moja la kumtuliza msomaji wetu: kufeli kipimo cha kazi si kesi ya jinai. Hakuna hakimu, hakuna hatia.

Wasioendesha wana hali tofauti. New York tangu 2021 na California tangu Januari 2024 zinawalinda wafanyakazi wengi wanaotumia bangi nje ya saa za kazi. Minnesota nayo imewazuia waajiri wengi kumkataa mwombaji kwa sababu ya bangi. Lakini soma maandishi madogo. Minnesota imewaacha nje wenye CDL, na imewaacha nje pia wanaotoa huduma ya ana kwa ana kwa wagonjwa, watoto na watu wazima wasiojiweza. Hizo ndizo kazi zetu! Dada anayelea wazee kwenye nyumba ya matunzo, kaka anayefanya zamu za usiku kwenye makazi ya walemavu, wote wako nje ya ulinzi huo. Na usidhani ugonjwa utakutetea. Brandon Coats wa Colorado alikuwa amepooza, ana kibali cha bangi ya matibabu, anaitumia nyumbani jioni. Alifeli kipimo akafukuzwa kazi mwaka 2010, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Colorado ikasema kitendo si halali kama sheria ya shirikisho inakikataza.

Sasa makosa ya jinai, na hapa naomba usome polepole.

Mpaka wa jimbo ni mstari tu kwenye barabara kuu, hakuna kizuizi. Kilichokuwa halali saa tatu ukiwa Minnesota ni kosa saa tano ukiwa Iowa. Texas ina mtego wake. Majani chini ya aunsi 2 ni kosa dogo, hadi siku 180 jela na faini hadi dola 2,000. Lakini kile kichupa cha mafuta ya bangi kinachochomekwa kwenye sigara ya umeme kinahesabiwa kundi jingine kabisa: hata kikiwa chini ya gramu moja ni kosa zito, kuanzia siku 180 hadi miaka 2 na faini hadi dola 10,000. Na hawapimi THC peke yake, wanapima na mafuta yaliyochanganywa nayo. Vijana wetu wanakinunua Colorado kikiwa kidogo kuliko kidole, wanakisahau mfukoni.

Ukisimamishwa barabarani, toa leseni, kadi ya gari na bima. Akiomba kupekua, sema wazi na kwa heshima kwamba hukubali, kisha nyamaza. Usimzuie akipekua hata hivyo, wakili atapambana na hilo baadaye. Usieleze ni ya nani, usiseme "nilivuta jana." Na mahakamani omba mkalimani wa Kiswahili, hata kama Kiingereza chako cha kazini ni kizuri. Usimtumie mwanao.

Kosa linaloumiza watu kuliko yote hutokea mezani, siyo barabarani. Mwendesha mashtaka anatoa ofa tamu: kubali kosa, hakuna jela, utakuwa chini ya uangalizi miezi sita, kisha kesi inafutwa. Texas wanaita hukumu iliyoahirishwa. Mtu anatia sahihi, anashukuru Mungu, anarudi kazini. Kwa sheria ya uhamiaji amekwisha hukumiwa. Ukikiri, au ukisema hupingi mashtaka, na hakimu akaweka sharti lolote juu yako, hiyo ni hatia, hata kama jimbo baadaye litafuta faili lote. Mpango usiodai ukiri, ule wa kufanya masomo kwanza na mashtaka kuondolewa, kwa kawaida hauhesabiwi. Karatasi hizo mbili zinafanana sana, na tofauti yake ni mstari mmoja wa kukiri.

José Padilla alizaliwa Honduras, akaipigania Marekani kule Vietnam, akakaa na kadi ya kijani zaidi ya miaka 40. Alikuwa dereva wa trela. Alikamatwa Kentucky na shehena ya bangi, na wakili wake akamwambia asiwe na wasiwasi wa uhamiaji kwa kuwa amekaa nchini muda mrefu. Akakiri. Kukiri huko kukafungua mlango wa kumfukuza nchini. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia hatari ya kufukuzwa. Kwa hiyo muulize wakili wako, hata kama ni yule wa kukutetea anayelipwa na serikali na ana mafaili mia: "Je, kukubali ofa hii kutanifanya nini uhamiaji?" Akisita, omba kesi iahirishwe.

Kuna nafuu moja inayotajwa sana bila kueleweka. Mwenye kadi ya kijani aliyehukumiwa mara moja tu kwa kukutwa na bangi ya matumizi yake isiyozidi gramu 30 hafukuzwi kwa kosa hilo. Gramu 30 ni aunsi moja na kidogo. Aunsi 2 zinazoruhusiwa Minnesota ni karibu gramu 57, na ukikamatwa nazo kuvuka mpaka nafuu hiyo imekupita. Tena nafuu inamlinda aliye ndani ya nchi. Baba akifariki Kisumu au Bukavu, ukapanda ndege kuzika, unaporudi uwanja wa ndege unaweza kuhesabiwa kama mtu anayeomba kuingia upya, na huko kosa lilelile dogo linaweza kukufungia mlango. Uko msamaha wa kuombwa, na wakimbizi wana wa kwao, lakini unaombwa kwa hoja na ushahidi, hautolewi dirishani. Mwenye hatia ya bangi, ya zamani au mpya, asikate tiketi kabla hajaonana na wakili wa uhamiaji.

Na uraia, ambao msomaji wetu anaufikiria mwakani. Ofisa anaangalia mwenendo wako kwa miaka 5, au 3 kama unaomba kupitia mume au mke raia. Fomu inauliza hata makosa uliyoyafanya bila kukamatwa. Mwongozo wa Aprili 2019 unasema kutumia bangi, hata kufanya kazi kwenye biashara ya bangi yenye kibali cha jimbo, kunaweza kuvunja sifa ya mwenendo mwema. Kukata majani, kukaa kwenye mashine ya malipo, kuendesha gari la kupeleka mizigo, yote yamo. Kusema uongo chini ya kiapo ni kosa jingine linalojitegemea. Kwa hiyo aliyewahi kutumia asijaze fomu peke yake na asijaziwe na rafiki aliyefaulu yake. Mpaka siku ya kiapo cha uraia, jibu ni usiiguse, usiiuze, usiibebe, na usiweke picha yake mtandaoni.

Ukienda kwa wakili wa uhamiaji, beba nakala ya hukumu yenye muhuri wa mahakama, hati ya mashtaka inayotaja kifungu cha sheria, na ripoti ya maabara yenye uzito wa bangi kwa gramu. Hiyo ya mwisho husahaulika, nayo ndiyo inayoamua kama uko chini ya 30 au juu yake. Kama kesi bado iko wazi, nenda kabla hujalipa faini yoyote kwa mtandao, maana katika mahakama nyingi kubonyeza kitufe cha kulipa ni kukiri.