Picha ya kichwa ilitoka safi, lakini mume wangu alikuwa mgonjwa

Ukiwa na askari nyumbani aliyenusurika mlipuko, usingoje kuona kidonda. Bomu la kutegwa barabarani hutoa wimbi la shinikizo la hewa linaloweza kuujeruhi ubongo bila kuacha hata mchubuko usoni. Januari 2020 makombora ya Iran yalipoipiga kambi ya Al Asad kule Iraq, Marekani ilisema siku hiyohiyo kwamba hakuna askari wake aliyeumia. Baadaye zaidi ya 100 walipatikana na jeraha la ubongo.

Mume wangu aliporudi Lamu kutoka Somalia, kila aliyempa mkono alimwona mzima. Mimi nilimjua: kichwa kinamgonga kutwa, usiku halali, majina ya majirani yanampotea, na mtoto akiangusha sufuria anafoka hadi anatetemeka. Hakuwa mtu wa kufoka kabisa. Hospitali tuliyoanzia ilimpiga picha, ikatoka safi, tukaambiwa twende nyumbani. Wengi huishia hapo, nao mtikisiko wa ubongo mara nyingi hauonekani kwenye picha.

Tulisaidiwa na daftari. Kila jioni niliandika alivyolala, alichosahau, kilichomkasirisha. Yeye naye alinieleza mlipuko wenyewe: alikuwa karibu kiasi gani, alizimia au la, masikio yalivuma, nini hakikumbuki. Daktari wa pili alisoma yote, akampima kumbukumbu, mizani ya mwili na masikio. Akatueleza kwamba jeraha la ubongo na kiwewe cha vita vyaweza kumkaa mtu mmoja kwa pamoja, na vyote vinatibiwa.

Wazee walisema ni jini, wakataka asomewe. Kisomo tulifanya, na moyo wake ulitulia. Nawaomba tu, jamani, kisomo kisizuie hospitali.

Muguka, yale majani ya kutafuna yanayofukuza usingizi, na pombe aviache, maana usingizi ndio unaomjenga. Asifungiwe gizani wiki nzima; baada ya siku moja mbili za kupumzika, atembee kidogo kidogo asubuhi, jua halijawa kali. Pikipiki aiweke kando kwanza: pigo jingine la kichwa kabla hajapona ni hatari kubwa.

Akitapika mara kwa mara, akipata kifafa, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, upande mmoja ukilegea, au akiwa haamshiki, usingoje kuche. Sisi wa visiwani tuwe na nambari ya nahodha atakayekubali kutoka usiku, na tupatane naye mapema.